Felisiani Aliyeitwa Hela

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, na ninyi mliokaa karibu na masufuria, mimi ni Moses, mpwa wa marehemu, na familia imenipa kusoma historia hii kwa sharti kwamba nisichekeshe, sharti ambalo nimelipokea kwa heshima, kulitimiza ni jambo jingine.

Mjomba wetu Felisiani Kipriani alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 huko Kitanga, kabla miezi haijatimia, mdogo kiasi kwamba bibi yake, Ininahazwe, alimlaza kiganjani akasema, “Hiki si kitoto, ni hela,” maana yeye alikuwa msichana wakati wa Mjerumani, na hela siku hizo ilikuwa kisarafu tu, jina lake limetoka mji wao uitwao Hall, mia nzima ndiyo ikafanya rupia moja.

Alianza shule Januari 1961, Mjerumani keshaondoka na sarafu yake, ila neno lilibaki likanenepa, likawa jina la pesa zote, hata mwalimu akiita “Hela!” darasa zima linaitika “Nipo!”

Mwaka 1975 alifungua banda la kutengeneza baiskeli mjini Kasulu, na tarehe 9 Juni 1979 akafunga ndoa na Kezia wa Rungwe Mpya, ambaye baba yake, kusikia mposaji anaitwa Hela, alichinja mbuzi kwanza, akauliza baadaye, akamwona mkwe anashuka kwenye baiskeli ya mteja. Walijaliwa watoto watano.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024, akatibiwa hospitali ya Kabanga, akafariki tarehe 3 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana Mama Kezia aliomba jina Hela liandikwe msalabani, na Mzee Pasikali, mwandishi wetu wa misalaba, akagoma: “Mama, huwezi kumtumikia Mungu na mali!” Mama akamjibu, “Huyu alimtumikia Mungu, na baiskeli yako pia, mali uliiona wapi?” Ndipo nikamsimulia habari za Ininahazwe na kiganja chake, mzee akasema, “Kumbe maana yake ni kadogo,” akaomba brashi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake waliofunga mabanda leo, na Mzee Pasikali, ambaye rangi yake haijakauka, kwa hiyo wabeba msalaba shikeni chini.

Pumzika kwa amani, Hela wetu, ulianzia kwenye kiganja cha bibi, na cha Mungu ni kipana zaidi, hutadondoka.