Bonde Tulilolichimba Wenyewe: Tunamuaga Mama Mabonde

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mtakwimu wa kliniki yetu ya afya ya akili, ambaye sote tunamwita Mama Mabonde, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ofisi nzima haikaliki kwa shamrashamra.

Alianza kama karani wa kuingiza kwenye kompyuta alama ambazo wagonjwa hujipa kila siku, moja hadi kumi, kuhusu hali ya moyo. Takwimu alizisomea jioni, mwanawe mgongoni, kikokotoo mkononi. Jina alilipata kwa namna anavyowaelezea wageni kazi yake: moyo ni gololi kwenye ardhi ya mabonde. Bonde likiwa na kina, ukiisukuma gololi hurudi. Likiwa na kina kifupi, hata kikohozi huihamishia bonde la pili. Yeye huichora ardhi hiyo kutokana na alama, na kuchagua algoriti, yaani kanuni ya kukokotolea, inayofaa.

Miaka sita iliyopita ilikuja algoriti mpya, sote tukaipapatikia. Ramani zake zilipendeza kama picha za ukutani. Ya mshonaji mmoja, aliyejaza alama siku sitini tu, tena kwa kurukaruka, ilionyesha bonde la pili, la huzuni. Daktari mkuu akataka kumwongezea dawa, ile ile iliyokwisha kumtetemesha vidole hata akaacha cherehani miezi mitano. Daktari ameshashika kalamu, Mama Mabonde akasema taratibu, "Daktari, niwie radhi. Hilo bonde nahisi tumelichimba sisi wenyewe."

Akapewa wiki moja. Akabuni wagonjwa arobaini wasiokuwepo, kila mmoja na bonde moja tu, siku sitini na mapengo yale yale. Algoriti ikawachorea thelathini na mmoja kati yao mabonde mawili. Tuliruka vitini. Daktari akasema, "Mama, umenitoa tongotongo," akaifuta ile nyongeza ya dawa kwa mkono wake.

Mshonaji alifuatiliwa kwa karibu na hakuzama kwenye huzuni. Sasa ana duka lenye cherehani tatu, na ndiye aliyeturuhusu kusimulia haya.

Tangu hapo hakuna algoriti inayomgusa mgonjwa kabla ya kujaribiwa kwa watu wa kubuni. Alama chache hupewa kanuni nyepesi. Zikiwa za miaka, ile mpya hung'ara kweli. Zisipotosha, fomu ina kisanduku kimeandikwa "Bado hatujui". Alikipigania miaka miwili, na leo ndicho tunachojivunia kuliko kompyuta zote.

Mumewe, fundi bomba, ametudokeza kwamba tayari mama anamchorea grafu ya mikoromo yake. Pole, shemeji; sisi tumefaidi, sasa zamu yako.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuamini. Afya isikupungukie, na kila uamkapo, siku iwe yako.