Rangi za Harusi ya Dada

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limelegea mguu mmoja, hivyo aliyekaa mwisho alikunywa kahawa huku amejikaza asije akamwaga. Jioni ile alikaa Dairekta, aliyebatizwa jina hilo kwa kuwapiga watu video kwa simu yake. Ndani ya simu hiyo alikuwa na video ya harusi ya dada yake. Baba yao hakuhudhuria; miguu ilikuwa imemgomea, siku nzima akabaki kitandani. Kwa kuwa mzee alipenda sinema tangu ujana, Dairekta alijiapiza: Baba haioni video hii mpaka ifanane na sinema hasa.

— Hebu tazameni. Nimepunguza ukali wa mwanga. Vivuli nimevitia bluu kidogo, nyuso nimezipa joto.

Profesa, fundi baiskeli asiyekosa jibu la jambo lolote, akaivuta simu hadi puani.

— Joto gani hili? Bwana harusi ameiva kama papai!

— Ndivyo sinema zilivyo, Profesa.

— Thubutu! Sinema ni huzuni. Ondoa nyekundu yote.

— Harusi ya huzuni? akadakia Wembe, kinyozi mwenyewe, kutoka mlangoni, kitana mkononi. — Siri ni jasho, bwana. Ushamwona mtu wa sinema akitoka jasho? Anakimbizwa mji mzima, kwapa kavu!

— Kwa sababu wanapigwa picha ndani ya friji, Profesa akasema bila kupepesa. — Jumba zima, friji. Bluu yote ile ni baridi.

— Si watapata nimonia?

— Unadhani kwa nini kila sinema lazima mtu afe?

Mama Birika, muuza kahawa, alicheka hadi akamimina nje ya kikombe. Dairekta naye alicheka, ila kidole chake hakikutulia. Akapunguza njano, akaona majani yamekauka. Akairudisha, gauni la dada likawa kama limechovywa kwenye chai. Kila akidhani amemaliza, aliona kasoro nyingine.

Ndipo dada mwenyewe akatokea, anatoka kwa mumewe kuja kumjulia hali mzee.

— Shikamooni. Kaka, Baba ameipenda?

— Ameipenda nini?

— Video.

Profesa akachungulia kikombe chake. Wembe akakumbuka ana mteja kitini.

— Bado naitengeneza, Dairekta akasema.

— Tulioana kabla ya mvua, kaka. Mvua zenyewe zimeshakwisha.

Dairekta akainuka, wakaongozana hadi nyumbani.

Dada alimwegemeza Baba kwenye mito. Dairekta akafungua nakala aliyoiona afadhali. Mzee akatazama. Bi harusi alipoanza kucheza, vidole vya mzee vikapiga mdundo juu ya blanketi. Ilipokwisha akasema:

— Irudishe.

Mara ya pili aliisogeza simu karibu na macho, akawa anakagua sura moja moja.

— Rangi zina kasoro, Baba?

— Rangi safi kabisa. Sinema tupu. Nakutafuta wewe. Ulikuwa wapi?

— Mimi ndiye niliyekuwa napiga, Baba.

— Yaani harusi yote ya dada yako, wewe humo?

Siku zote zile Dairekta alizihangaikia nyuso za watu, na jambo hilo halikumpitia akilini.

Dada akaichukua simu, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati.

— Kaa karibu na Baba.

— Subiri, hapo kuna giza. Nifungue kwanza pazia...

— Kaa, kaka.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Baba akanyoosha mkono taratibu, akamlazia kola ya shati iliyokuwa imesimama upande mmoja, kisha akauacha mkono palepale, shingoni mwa mwanawe.

— Haya, mzee akasema. — Tupige.