Meza ya Kaka Aliyebaki Yeonbaek

Ilikuwa Jumanne tarehe 28 Oktoba, saa nane na dakika ishirini mchana, redio ya kinyozi iliposema kwamba huenda wakubwa wa Kaskazini wakakubali kuketi na kuzungumza. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya benchi la duka lake, kikapu mkononi: mapea matatu, tofu, samaki wawili wakavu, na orodha niliyokwisha kuikagua mara nne. Kesho yake ilikuwa siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku ya kuwapangia chakula marehemu ambao tarehe zao za kufa hazijulikani. Kwa mara ya kwanza Babu alikuwa amekubali kumpangia kaka yake. Kaka huyo alibaki kwao Yeonbaek, ng'ambo ya maji, upande ambao sasa ni wa Kaskazini, Januari ya 1951 kumlinda ng'ombe, kwa siku tatu tu walidhani, na Babu, mtoto wa miaka tisa, akavushwa na mama yake hadi hapa kisiwani Gyodong, upande wa Kusini. Ukipanda kilima nyuma ya soko la Daeryong unayaona mashamba yao kwa macho. Babu sasa ana miaka themanini na minne na moyo unamsumbua. Mama yangu alisema kwa simu: mwaka huu isipofanyika, basi tena. Ndipo redio ikasema.

— Rudisha samaki, Da-on, Babu akaniambia kutoka benchini. Kama wanataka kuongea, mpaka unaweza kufunguliwa. Siwezi kumfanya maiti mtu ambaye huenda wiki ijayo akapiga simu.

— Babu, samaki wakishanunuliwa hawapokewi.

— Basi tutawala sisi, akasema Koplo.

Koplo ni mwanamaji mstaafu, sasa analima mpunga. Chupa ya chai ya benchi, ambayo haijawahi kubeba chai, ni yake. Alikuwa akimimina kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Pembeni yake alikaa kinyozi mwenyewe, tunayemwita Balozi kwa kuwa anasoma siasa za dunia kwenye nywele za watu.

— Safari hii wanafungua, akasema Balozi. Mmemwona yule mjumbe wao kwenye televisheni? Kapunguza pembeni, juu kaacha. Mtu anayejiandaa kwa vita hanyoi hivyo.

— Acha zako, Balozi. Bomu la nyuklia hawaliachi, akasema Koplo. Bomu ndilo kufuli lao. Wewe ukienda kulala duka unafunga au unaliacha wazi?

— Nafunga.

— Haya.

— Lakini asubuhi nafungua, bwana. Nisipofungua nitakula mikasi?

Koplo akanywa kahawa.

— Basi nikwambie siri ya kijeshi. Mabomu yenyewe yameshaisha. Yale ya gwaride ni mitungi ya gesi, imepakwa rangi.

— Uliigonga ukasikia?

— Nimelinda ufukwe huu miaka ishirini na mbili. Najua mtungi.

— Kama ni mitungi, afadhali zaidi, akasema Balozi. Watu wa mitungi wanataka biashara. Wameshapaka mapaa rangi ya samawati kule ng'ambo, hamjaona? Serikali inayopaka mapaa inasubiri wageni. Masika yajayo kuna daraja hapa, na treni ya kwenda Ulaya inapita mbele ya duka langu. Abiria wanashuka, wananyolewa, wanapanda.

— Treni ipite kwenye soko hili? Hata punda hageuki humu.

— Soko litasogezwa.

Nilimtazama Babu. Kila neno la Balozi lilimnyoosha mgongo kidogo, na mimi nilianza kuhesabu: samaki waloweshwe saa ngapi, kama waloweshwe.

Dada Tak akatoka jikoni kwa muuza tambi baridi, akifuta mikono. Ana wiki tatu tu hapa sokoni. Alizaliwa Hyesan, Kaskazini kabisa, akatoroka kupitia China miaka kumi na moja iliyopita.

— Hayo mapaa, akasema, yamepakwa upande mnaouona nyinyi. Imebaki kahawa?

Koplo akampa kikombe. Dada Tak akachungulia kikapuni mwangu.

— Nani kafariki?

Nikawafunika samaki kwa orodha.

— Hatujui kama kafariki, nikasema.

— Kaka yangu, akasema Babu. Yuko kule. Nikimpangia meza nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe.

Dada Tak akakaa.

— Babu yangu mzaa baba alikimbilia Kusini wakati wa vita, akasema. Bibi akamwandikisha kwamba amekufa kwa bomu. Ilibidi. Mwenye mtu Kusini, watoto wake hawasomi, kazi ya maana hawapati. Na ukishaandikisha, majirani wanatazama, kwa hiyo kila mwaka akampangia meza. Nilipofika huku nikaambiwa mzee aliishi Busan, akauza viatu hadi uzeeni.

— Kumbe, akasema Balozi.

— Wewe, Babu, kwenu walikuandikisha kwamba umekufa lini?

Koplo akainamisha chupa juu ya kikombe cha Babu. Yakatoka matone mawili.

Babu alikuwa ameelekeza uso kaskazini, ambako kutokea benchini huoni kitu ila duka la mbegu. Akaanza kucheka, taratibu, mabega tu.

— Na mimi nimekuwa nikijiuliza kwa nini nashiba upesi, akasema. Kumbe nakula meza mbili, huku mzima, kule marehemu.

— Wamekupangia, na hukufa, akasema Koplo.

— Sikufa.

Akashika fimbo yake, akasimama.

— Da-on, hao samaki wanaloweshwa saa ngapi?

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilipanga meza ikielekea Yeonbaek, nikiifuata orodha: matunda mstari wa mbele, samaki katikati, kichwa mashariki, bakuli la wali nyuma. Likabaki jambo la mwisho. Kwenye chakula cha marehemu, kijiko husimamishwa katikati ya wali. Babu alikuwa nyuma yangu amevaa koti lake jeusi, akisubiri kuinama. Nikakishika kile kijiko kwa muda. Kisha nikakilaza kando ya bakuli, kama tunavyomwekea mtu ambaye bado ananawa mikono.