King'ora cha Mlimani

Katika gari la kebo linalopanda mtaani kwetu, Medellín, abiria hukaa magoti yakigusana, kwa hiyo kusikiliza si ufedhuli. Jana mbele yangu alikaa Doña Ofelina, aliyefiwa na mumewe kwenye maporomoko ya udongo ya Aprili, na kando yake kijana mwenye beji ya manispaa.

"Mwanangu, king'ora chenu cha tahadhari kilikuwa wapi siku ile?"

"Mama, hakikuwa chetu. Kilikuwa cha kampuni. Sisi tulitoa mlima tu."

"Mlitoa mlima! Kwani ni wenu?"

Kijana akaeleza kwamba lile lilikuwa jaribio la miezi kumi na minane. Lilipokwisha, kampuni ilizima mitambo iliyousikiliza mlima na kupiga king'ora. "Mkataba haukusema nani aendelee kusikiliza."

"Wala nani atuambie?"

"Wala hilo, mama."

"Zamani tulikichunga kijito cha mlimani wenyewe, kwa zamu, kila mtu na filimbi yake ya kuwaonya majirani. Mkaja na bendi na hotuba, mkasema sasa tupumzike. Mume wangu Hernando ndiye aliyetangulia kurudisha filimbi."

"Ripoti inasema jaribio lilifaulu," kijana akanong'ona. Sidhani alikusudia ubaya. Ripoti alikuwa ameisoma, mlima hakuwahi kuupanda.

"Basi nitajie aliyezima. Jina moja tu, mwanangu."

"Kuna saini sita, mama."

"Anza na ya kwanza."

Tulikuwa tumefika kituo cha juu. Milango ikafunguka, tukashuka wote isipokuwa wao wawili, na gari likageuka nao kuteremka.