Mama Boza na Mjerumani Aliyetugombanisha

Baada ya miaka ishirini na tisa nyuma ya usukani wa boza, lile lori letu la tangi la maji, Mama Boza anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Katibu wa jarida letu la idara ya maji, ambaye ndiye hasa aliyepaswa kuandika wasifu huu, amekwenda likizo bila kuaga mtu, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, fundi wa karakana. Mkiona alama za oili kwenye karatasi, mniwie radhi.

Alipoanza kazi hapa, msimamizi wa wakati ule alimkabidhi boza kwa makusudi mazima. Lilikuwa gari bovu kuliko yote uani: klachi ngumu kama unasukuma ukuta kwa mguu, usukani wenye tabia zake, na kiti kilichokwisha kuwashinda wanaume wawili wenye migongo ya kawaida. Msimamizi alitegemea binti yule angerudisha funguo kabla ya wiki kuisha. Binti akaenda kununua godoro la sponji, akalikata, akashindilia kipande nyuma ya mgongo na kuwasha gari. Msimamizi alistaafu. Aliyemfuata alihamishwa. Wa tatu aliacha kazi kwa hasira zake binafsi. Boza na Mama Boza wakabaki.

Amepeleka maji hospitalini mabomba ya mji mzima yalipokauka. Amepeleka shuleni, amepeleka kwenye moto wa soko, na mara moja kwenye harusi, ambako mpishi mkuu alimkumbatia kwa furaha zaidi kuliko alivyokumbatiwa bibi harusi. Hajawahi kugonga hata kuku. Sifa hiyo niieleze kwa haki: boza likijaa haliwezi kumgonga kuku mwenye akili timamu, kwani kuku anapata nafasi ya kulitazama, kulifikiria na kujiondokea zake. Siku moja msafara wa mazishi ulilipita boza pale mlimani, na wafiwa wakampungia mkono.

Sasa, mwanamke aliyezeeka kwa mwendo huo, miaka michache iliyopita aliingia uani asubuhi akiwa ndani ya kigari cha Kijerumani. Kifupi, cheusi, kimeinama mbele kama kinanusa barabara, na nyuma kina mabomba mawili ya moshi yanayokohoa kila unapoondoa mguu kwenye mafuta. Tulikiita Mjerumani siku hiyo hiyo. Kabla ya saa ya chai, chumba cha madereva kilikuwa kimegawanyika.

Kiongozi wa upinzani alikuwa Dizeli, dereva wa pikapu ya mafundi wa mabomba, mtu asiyeamini gari lolote ambalo huwezi kulipakia saruji.

"Hapo mtu anakaa au anachuchumaa?" alisema akichungulia dirishani. "Na buti yenyewe! Ukiweka mkoba, mume abaki nyumbani. Halafu tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Hilo ni gari au ni kiatu?"

"Pikapu yako ikifika themanini inatetemeka mpaka redio inajizima," Mama Boza alimjibu. "Yangu hapo bado haijaamka."

"Unaikimbiza wapi? Barabara zenyewe matuta matupu!"

Ubishi huo ulitulia chumbani kwetu kama mpangaji asiye na nia ya kuhama. Kila mchana ulianza pale ulipoishia jana. Wapo waliosema injini ya turbo kwenye gari dogo ni raha ya muda mfupi na gereji ya muda mrefu. Wapo waliosema Mjerumani anashika kona kama amepigiliwa misumari, na kwamba raha nayo ina thamani yake. Mimi nilikuwa na msimamo thabiti: niliunga mkono upande wowote uliokuwa na birika la chai.

Hatimaye wakakubaliana kupimana Jumamosi, kutoka getini hadi kwenye tangi kuu juu ya mlima, Mjerumani kwa pikapu. Jumamosi hiyo nusu ya idara ilijikuta ina shughuli za dharura mlimani. Mama Boza aliondoka kwa namna ambayo mlinzi wa geti alivua kofia bila kujua kwa nini. Kwenye kona za lami hatukuona gari, tulisikia tu sauti ikipanda. Dizeli alikuwa bado anahangaika na gia ya pili huko chini, moshi umemfunika.

Lakini kipande cha mwisho kabla ya tangi hakina lami. Kina mawe. Moja kati ya mawe hayo lilikutana na bakuli la oili chini ya injini ya Mjerumani, na shughuli ikaishia hapo, tangi likionekana mbele kabisa. Dizeli alifika polepole, akamzunguka, akagusa tangi kwa mkono, kisha akarudi na kamba. Alimvuta mpaka mjini akipiga honi njia nzima, na alipita sokoni ingawa soko halikuwa njiani.

Bakuli nililiziba. Mdomo wa Dizeli haukuzibika. Kwa majuma mengi kila aliyeingia chumba cha madereva alisimuliwa upya habari ya kamba, na kila mara kamba ilizidi kuwa fupi na Mama Boza akazidi kulia, ilhali siku ile hakulia hata kidogo. Naye, tuliyemzoea kwa majibu ya papo hapo, akaanza kunywa chai yake ndani ya boza, peke yake.

Hatukujua kwamba nyumbani nako kulikuwa na moto. Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao, bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Tangu harusi, bibi huyo alikuwa hajamkubali mke anayeendesha boza. Majirani aliwaambia kwamba mke wa mwanawe yuko "ofisi za maji". Hakumsemesha moja kwa moja. Alipitishia maneno kwa mwanawe. "Mwambie mwenzako chumvi imezidi." Sasa ujio wa kigari chenye kelele ukawa ushahidi wa mwisho. "Mwambie mwenzako watu wanatuangalia."

Mama Boza akachoka pande zote mbili. Siku moja alikuja karakana, akaniambia anauza gari.

"Fundi, nimekubali. Huenda kweli ni upuuzi," alisema. "Mwenzio nina boza la kuendesha."

Sikuwahi kumsikia akisema jambo kwa sauti ndogo hivyo. Mnunuzi alipatikana haraka ajabu, kijana mpole ambaye hakuna aliyemfahamu. Bei aliyotaja ilikuwa ya kutukana, na sababu alizotoa za bei hiyo zilikuwa zile zile tulizozisikia kila mchana: buti, tairi, bakuli la oili. Wakapanga kijana aje hapa uani kulichukua.

Siku hiyo ikaangukia siku ya bibi kwenda kliniki ya magoti. Mumewe alikuwa safarini. Teksi haikuja. Jirani alileta pikapu yake, bibi akaitazama ngazi, akasema yeye si mbuzi. Likabaki gari moja tu ambalo kiti chake kilikuwa chini kiasi cha kukalika na magoti yale.

Yaliyotokea njiani tulisimuliwa baadaye na Mama Boza mwenyewe. Walikwenda vizuri mpaka walipokwama nyuma ya lori la mchanga. Bibi akalivumilia, akalivumilia, kisha kwa mara ya kwanza katika ndoa ile akamsemesha mke wa mwanawe uso kwa uso.

"Wewe. Utamfuata huyu mpaka lini?"

Mama Boza akashusha gia, akakanyaga. Lori likabaki nyuma kana kwamba limeegeshwa. Bibi alishika mlango kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na mkwewe akapunguza mwendo, akaanza kuomba radhi.

"Nani kakuambia usimame?" bibi akasema. "Yule mwingine pale mbele naye mpite."

Waliipita kliniki bila kujua, wakatokea huku kwetu. Walipoingia uani, mtandio wa bibi ulikuwa umehamia begani na alikuwa anacheka kama mtu aliyeiba embe. Mnunuzi akasogea, amefika kwa miadi.

"Huyu nani?" bibi akauliza kutoka dirishani.

"Anakuja kulinunua gari, mama."

"Aaa. Na wewe kijana, umelipendea nini?"

Kijana alikuwa mkweli kuliko kazi aliyopewa. "Mimi bibi sijui magari. Nimetumwa na shemeji." Akaonyesha kwa kidole nyuma ya boza, ambako Dizeli alikuwa amejibanza, na viatu vyake vinaonekana vyote viwili.

Kisha Dizeli akatoka, akijifanya anakagua tairi.

"Kwa hiyo," akasema taratibu bibi, ambaye mwanawe alikwisha kumsimulia ubishi wetu, "maneno yote hayo ya buti ilikuwa ni kulishusha bei?"

"Mama, mimi... gari nalipenda," Dizeli akasema. "Nimelipenda tangu asubuhi ile ya kwanza."

"Basi endelea kulipenda. Haliuzwi." Akageuka, akatutazama sote tuliokusanyika na mabirika yetu. "Huyu ni mkwe wangu. Ni dereva. Mmesikia? Dereva. Haya mwanangu, nirudishe kliniki, na usipite njia fupi."

Mama Boza alishindwa kuingiza gia. Alikaa kidogo na mkono usoni, nasi kwa adabu tukaangalia juu kana kwamba mvua inakuja.

Tangu hapo ubishi haujaisha, ila umehamia kwenye mambo ya maana, kama vile ni nani ataruhusiwa kukaa kiti cha mbele. Dizeli aliomba radhi mbele ya watu na akapewa nafasi ya kuzunguka uani mara moja. Alitoka humo akaenda moja kwa moja kuketi.

Ndiye anayerithi boza. Mama Boza amekuwa akimfundisha wiki hizi, na juzi Dizeli alilizima getini mara nne huku foleni ya magari ikimpigia honi mpaka barabara kuu. Mama Boza hakumcheka. Alishuka, akaenda upande wa pili na kumwambia, "Usiligombeze. Lisikilize," wakaondoka pamoja.

Jana tulimkuta analiosha boza mwenyewe, ingawa wapo walioajiriwa kuliosha. Alipomaliza alitoa kipande chake cha sponji nyuma ya kiti, akakikung'uta vumbi na kukibana kwapani.

Mama Boza, idara nzima inasema asante: kwa maji uliyotufikishia, kwa vicheko, na kwa kutofunga mlango wako hata tulipostahili kufungiwa nje. Mungu akupe afya, akupe safari nyingi za kwenda usikotumwa na mtu, na kila lori la mchanga likupishe. Nenda salama, dada yetu. Nenda kwa mwendo unaoutaka mwenyewe.