Belinda Kokushubila na Mipaka ya Wenye Nguvu

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, na wenyeji wetu wa nchi hii mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, mimi naitwa Josephat Rugaimukamu, ni mdogo wake marehemu, nimetumwa na ukoo kutoka Kamachumu kuja kumchukua dada yetu, na kabla mwili haujatoka hapa Jebel Ali kuelekea uwanja wa ndege, naomba mnitegee sikio niwaeleze alikuwa nani.

Dada Belinda Kokushubila alizaliwa tarehe 9 Juni 1984 katika zahanati ya kijijini kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu mzee Leonidas Rugaimukamu, aliyekuwa karani wa chama cha kahawa, na marehemu mama Agripina, mkulima wa migomba, na wale waliomjua utotoni wanasema alikuwa mbishi wa kistaarabu, hapazi sauti, lakini alipokwisha kusimama humwondoi.

Alianza shule ya msingi hapo kijijini mwaka 1992, akaendelea na sekondari Bukoba mjini, na mwaka 2005 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sheria, akahitimu mwaka 2009, na utafiti wake wa mwisho aliuandika juu ya katiba za nchi za shirikisho, yaani nchi ambazo serikali ya juu na serikali za chini zimegawana madaraka kwa maandishi, hii ina mambo yake na ile ina mambo yake, na hakuna inayoruhusiwa kuvuka. Baba alipomuuliza ni nani Kamachumu atakayemlipa kwa elimu hiyo, alijibu, "Baba, katiba ya namna hiyo ni watu walioogopana wakaandikiana mipaka, na mimi nataka kujua mipaka hiyo inamfaa nini mtu ambaye haogopwi na yeyote."

Baada ya kufanya kazi katika ofisi ya mawakili Dar es Salaam, huku jioni akisoma Kiarabu kwa Bi Khamisa, mwalimu wa Kizanzibari aliyempenda kama mwanawe, dada alifika Dubai tarehe 3 Septemba 2012, akaajiriwa kuwa mtafsiri na mwandaaji wa kesi katika ofisi ya mawakili, kwa kuwa mgeni hasimami mbele ya hakimu wa hapa kutetea, na huko ndiko alikokutana na wakili Ashwaq, aliyemwita ustadha, jina la heshima la wakili mwanamke hapa, hadi siku ya mwisho, na ambaye leo amekaa hapa mbele pamoja na wafiwa.

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Dancan Ogeto, mwenyeji wa Kisii, Kenya, mpishi wa hoteli, wakapanga nyumba mtaa wa Karama, na Mungu akawajalia watoto wawili, Samuel aliyezaliwa mwaka 2016 na Anna aliyezaliwa mwaka 2019, na sebule ya nyumba hiyo, kama wengi wenu mnavyojua, ikawa darasa, maana baada ya ibada watu walikuja kuuliza mambo ya kazi na viza, naye alianza kila mara kwa kuwaeleza kwamba katiba ya nchi hii imetaja mambo ya shirikisho, kama ulinzi, uraia, pasipoti na ukaazi wa wageni, na sheria za kazi nazo zinatungwa na shirikisho, ila yale yasiyotajwa yamebaki kwa kila ufalme, na ndiyo maana Dubai ina mahakama zake yenyewe wakati Ajman iko chini ya mahakama za shirikisho, kwa hiyo mtu asipojua shida yake ni ya mlango upi atazunguka mpaka achoke.

Ndugu waombolezaji, siwezi kusoma historia ya dada nikaruka mwaka 2023, kwa sababu mwaka huo ulitaka kuivunja familia yetu.

Jumapili tarehe 15 Oktoba 2023, saa tisa alasiri, aligonga mlangoni msichana wa Kikenya aitwaye Terry, shavu limevimba, miguu mitupu, viatu kavishika mkononi, akaeleza kwamba kafeel wake, yaani mwajiri aliyemdhamini viza, ni madam mmoja wa Ajman, ambaye tangu Agosti alikuwa amempeleka Discovery Gardens, hapa Dubai, kumtumikia dada yake, jambo ambalo sheria hairuhusu bila kibali, na kwamba asubuhi hiyo huyo dada mtu alikuwa amempiga kwa mwiko wa chuma, naye akashuka ngazi na kukimbia.

"Dada, nifiche tu siku mbili, nitafute vile nitatoka," Terry alisema.

"Nikikuficha nitakuwa nimekuangamiza," dada alimjibu. "Vaa viatu, twende polisi."

"Polisi? Si ni hao watanirudisha kwa madam? Wewe ni dada gani?"

"Polisi anakamata, hahukumu, na wa Dubai hawezi kukufunga kamba akakukabidhi kwa mtu wa Ajman kama kifurushi. Ukijificha, hakuna sheria inayokuona. Ukijitokeza, kila mwenye mamlaka atalazimika kusema anakushika kwa mamlaka gani."

Wakaenda, shemeji Dancan akiwaendesha, na walipofika kituoni wakakuta mambo yamewatangulia, kwani yule dada mtu wa Discovery Gardens alikuwa ameshafika kushtaki kwamba Terry amemwibia bangili ya dhahabu nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 13, na papo hapo Terry akawekwa ndani, na alipokuwa anaondolewa alimgeukia dada Belinda akamwambia, "Umeniuza," na dada alirudi Karama akakaa kitini na mkoba wake begani mpaka Anna alipokuja kumvua.

Kesho yake madam wa Ajman naye akatoa taarifa huko kwao kwamba mfanyakazi wake ametoroka, na Jumanne mume wa madam akapiga simu ofisini kwa kina dada, akitaka Terry akubali kuondoka nchini bila maneno, akasema anajua watu, na kwamba Alhamisi msichana atakuwa kwenye ndege, khalas.

"Sir," dada alimwambia, na ustadha Ashwaq aliyekuwa anasikiliza ndiye aliyenisimulia, "wewe si serikali, na hata serikali ya hapa imegawana kazi. Ukaazi wake ni jambo la shirikisho, na wizi unaodaiwa kutendeka Dubai ni wa mahakama ya Dubai. Kesi ikiwa wazi huku, hapandi ndege."

Alipoweka simu chini alijua amemfundisha adui yake njia, na kweli Jumatano asubuhi yule mlalamikaji alirudi kutaka kufuta mashtaka yake ya wizi, si kwa huruma, bali kwa kuwa ameshaelewa kwamba mashtaka hayo ndiyo yanayomshikilia Terry Dubai, yakifutwa itabaki taarifa ya kutoroka peke yake, na msichana ataondolewa nchini kabla hajasikilizwa na mtu yeyote kuhusu kipigo. Dada na ustadha walikuwa wamesimama kwenye ujia wa ofisi ya mwendesha mashtaka tangu milango ilipofunguliwa, wanamwona yule mama akiingia na kutoka, akiingia na kutoka, na arbab wa ofisi yao, yaani mwenye ofisi, akipiga simu kwamba waachane na jambo hilo, mpaka karibu na adhuhuri ofisa alipowaita wote pamoja akawaambia kwamba faili limeshafunguliwa, kwamba wizi ni kosa dhidi ya umma, mlalamikaji akitaka kusamehe asamehe, lakini kesi si mali yake ya kuichukua na kuirudisha.

Alhamisi ikapita, na Terry hakupanda ndege.

Ila sasa alitakiwa mdhamini, na mdhamini hutoa pasi yake ya kusafiria ikashikwa mpaka kesi iishe, na hakuna aliyekuwa tayari. Shemeji Dancan ameniruhusu niyaseme maneno aliyomwambia mkewe jikoni siku hiyo: "Belinda, watoto wetu na mimi sote tuko kwenye viza yako. Arbab akikasirika tunaenda wapi?" Naye akamjibu, "Arbab anaweza kunifukuza kazi, Dancan, nami nitalia. Kunifukuza nchini si kazi ya mdomo wake, kuna mwenye kazi hiyo, na huyo naye ana utaratibu unaomfunga." Shemeji anasema hakuridhika, ila alimpeleka, na tarehe 24 Oktoba dada akatoa pasi yake, Terry akatoka kwa dhamana na kupelekwa katika nyumba ya hifadhi ya wanawake.

Tarehe 2 Desemba 2023 mama yetu Agripina alifariki ghafla Kamachumu. Nilimpigia dada mimi mwenyewe.

"Mama tunamzika Jumanne saa nane," nilimwambia. "Unafika lini?"

Akasema, "Josephat, nikiichukua pasi yangu, yule msichana anarudi ndani."

"Yule msichana ni nani kwetu?"

"Si mtu kwetu. Ndiyo maana sina wa kumwachia."

Mama akazikwa na mkono wa binti yake mkubwa haukutupa udongo, wajomba wakasema maneno ambayo siyarudii mbele ya mwili, na huku Dubai, majirani wa Karama wamenieleza kwamba siku hiyo saa nane ya Kamachumu dada alipiga magoti sakafuni chumbani, akajifunika khanga kichwani, na Samuel akakaa mlangoni kuzuia watu wasiingie. Mwisho wa mwezi huohuo ofisi ikamwachisha kazi.

Kesi ilisikilizwa Jumanne tarehe 23 Januari 2024. Ustadha Ashwaq, aliyekuwa ameondoka ofisi ile na kuichukua kesi hiyo, aliomba mahakama ya Dubai ipate taarifa iliyotolewa Ajman, na alipowekewa mezani taarifa hiyo pamoja na mashtaka ya wizi, hakimu aliona kwamba madam, kwa kuogopa kukiri kuwa alimtoa Terry akatumike nyumba nyingine, alikuwa ameandika kwamba Terry hakuwahi kulala nje ya nyumba yake ya Ajman hadi jioni ya Jumamosi tarehe 14, na dada yake, kwa kutaka kumfunga, alikuwa ameandika kwamba Terry aliiba bangili Discovery Gardens Ijumaa tarehe 13, alipokuwa analala humo kama kawaida yake. Nchi ingekuwa na mlango mmoja, wangeingia pamoja wakasema kauli moja, lakini milango ilikuwa miwili, kila mmoja alisema mbele ya mlango wake lile lililomfaa. Hakimu akamuuliza mlalamikaji, "Ijumaa alikuwa wapi, kwako au kwa dada yako?" Mama yule akamtazama madam, madam akatazama chini. Akisema "kwangu", anamtia dada yake hatiani mbele ya wizara ya kazi, akisema "kwa dada yangu", hakuna wizi. Ushahidi wake ukaishia hapo, na Terry akaachiwa huru.

Taarifa ya kutoroka nayo ikafutwa na wenye mamlaka ya shirikisho, Terry akaruhusiwa kubadili mwajiri, na leo anafanya kazi katika jiko la kiwanda kule Dubai Investments Park. Dada alirudishiwa pasi yake tarehe 30 Januari, na wiki hiyohiyo akaja Kamachumu, akashinda kaburini kwa mama tangu asubuhi, nami nikamletea uji pale, tukanywa, na tulipoinuka tulikuwa ndugu tena. Mwezi Machi, muda wa viza yake ukiwa bado haujaisha, ustadha alifungua ofisi yake na kumchukua.

Maradhi yalianza Februari 2025 kwa maumivu ya mgongo, tarehe 11 Machi madaktari wakagundua saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi mitano, na katika miezi hiyo Terry alitoka kazini akavuka mji mzima kila siku ya mapumziko, kuja kumwogesha na kumsuka nywele mpaka zilipokwisha. Dada Belinda alifariki Jumatano tarehe 20 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, akiacha mume na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Karama mliopika na kulea watoto, wanajumuiya, na wafanyakazi wenzake wote wakiongozwa na ustadha Ashwaq, aliyeshughulikia vibali vyote vya kusafirisha mwili. Terry ameomba likizo, kesho atapanda ndege pamoja nasi hadi Kamachumu, mahali asipopajua, kwa watu ambao hawajamwona, na nimewaambia wajomba kwamba ataketi safu ya mbele, kwa watoto wa kike wa marehemu Agripina, na wajomba wamekubali.

Kokushubila, dada yangu, kazi yako imekwisha. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.