Magunia ya Mpui na Mwanga Mwekundu

Upepo wa Sumbawanga ulikuwa unapenya makoti, na benchi mbele ya ghala la mahindi lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Kalisti, mkulima wa Mpui, alikishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili bila kunywa. Lori lingeondoka jioni, na magunia yake yalikuwa hayajapita. Mashine ya kusoma lebo iliyakataa. Lugano, kijana wa Mbeya anayeishika, akaichezeachezea, akajaribu tena. Ikakubali gunia, ila kwenye kioo likatokea jina la Yohanes wa Chala.

— Nimeona mwenyewe, — Kalisti alisema. — Aliielekeza kwenye karatasi yenye mistari, wala si kwenye gunia. Ikalia. Baada ya hapo ndipo nikawa Yohanes.

— Karatasi hiyo ndiyo mpango wenyewe, — alisema Diwani, aliyebandikwa jina hilo kwa kushindwa kila uchaguzi. — Mahindi hewa yanaanzia hapo.

— Hewa wapi, na gunia zito vile? — Spana, fundi baiskeli, alidakia. — Mi nasema ule mwanga mwekundu unapima ukoo. Watu wa Mpui unawaruka.

— Na huyo Yohanes nani kamwona? — Diwani aliuliza. — Pengine hayupo.

— Yupo. Alinunua tairi kwangu.

— Basi wanashirikiana.

Kalisti akaweka kikombe chini. Ataingia kwa meneja sasa hivi, amshtaki yule kijana. Kabla hajainuka, Lugano akatokea na lebo moja mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, — Kalisti aliitikia shingo upande.

— Ile karatasi uliyoiona ni ya kuilegeza mashine na kuikaza. Niliilegeza isome hata lebo mbovu, ikaanza kubahatisha majina. Nimeikaza tena, bora ikatae. Lakini lebo za wenzako ni safi, zako zimepiga weusi, na karatasi ya lebo huwa nyeusi ikipata joto. Baada ya kubandika, magunia uliyaweka wapi?

Wote pale walikulia chini ya dari la jiko: mahindi juu, moto chini, wadudu wasisogee.

Kalisti alinusa mkono wa koti lake. Akainuka.

— Twende nikakuoneshe yaliyo yangu. Mke wangu, Mama Evodia, huyashona kwa uzi mwekundu.

— Twende, mzee. Lebo mpya ziko tayari.

Wakaingia ghalani pamoja.

— Diwani, — Spana aliuliza, — na moshi nao, nani kautuma?

Diwani akainamisha birika juu ya kikombe chake. Halikutoa hata tone.